Bibi Hongera Amenyamaza

Jumatano, 6 Mei

Simu mpya! Zawadi ya mke wangu. Nyeusi ti, nyembamba, haina hata mkwaruzo. Ile ya zamani ilikuwa na ufa kutoka pembe hadi pembe na kitufe kimoja kilishazama ndani hakitoki. Nimeoa mwanamke mwenye mapenzi, niliandike hilo mapema.

Dukani tulikwenda wote wawili. Mimi niliuliza maswali ya maana: kamera, betri, rangi. Yeye aliuliza moja tu, eti simu hii inaweza kumtofautisha mtu anayetembea na mtu aliyekaa? Muuzaji akasema hiyo ndiyo sifa yake kubwa. Mke wangu akasema basi tunaichukua. Maswali mengine bwana! Akasisitiza ile ya zamani tumwachie fundi simu pale pale mlangoni, isije ikajaza nyumba. Nikaiacha. Hata sikuiaga.

Saa tisa nikakaa kwenye cherehani. Nina majoho ya kwaya ishirini na manne, mwalimu wa kwaya anayataka tarehe kumi na tisa. Nimekanyaga. Nimekanyaga. Saa kumi na moja, kimya. Saa kumi na mbili, kimya. Bibi Hongera hakusema kitu!

Nieleze, ili hata wajukuu wakisoma waelewe. Tangu Oktoba nina mkataba na mke wangu. Nesi wa kliniki alipima damu yangu akashika kichwa. Akasema nitembee hatua elfu nane kila siku, la sivyo niagane na sukari moja kwa moja. Mke wangu akaamua: siku nitakayotimiza elfu nane, vijiko viwili kwenye chai ya jioni. Nisipotimiza, hakuna. Simu ya zamani ilikuwa inahesabu yenyewe mfukoni. Ikifika elfu nane, tarumbeta inalia na sauti ya mama mmoja mtamu inatangaza nyumba nzima: "Hongera! Umetimiza hatua elfu nane!" Mimi humwita Bibi Hongera. Mke wangu akimsikia kutoka jikoni, anafungua kopo la sukari. Siku mia mbili na kumi na moja mfululizo! Sikukosa hata moja. Nyingine nilifika elfu ishirini na mbili.

Na sikuiba. Cherehani yangu ni ya miguu. Simu ilikaa mfuko wa kulia, upande wa mguu unaokanyaga. Mguu ukishuka ni hatua, mguu ukipanda ni hatua. Kwamba nimekalia kiti, hilo ni la kiti. Miguu haijui.

Chai ya leo haikuwa na sukari. Nimekunywa nusu, nyingine nimeitazama.

Alhamisi, 7 Mei

Simu mpya ina ukurasa wa afya. Kuna duara la kijani linalojaa taratibu, bila tarumbeta, bila mtu. Nimeshona majoho mawili, mikono na ukosi, kisha nikaangalia. Hatua 402! Hizo ni za kwenda chooni na kurudi! Chini yake maandishi: inaonekana umekaa kwa muda mrefu, simama unyooshe miguu. Nimekaa! Nani kaiambia?

Nikafikiri haisikii vizuri. Nikachukua lastiki ya kiunoni, nikaifunga simu juu ya kanyagio lenyewe, uso juu. Nikakanyaga kwa nguvu zote mpaka meza ikatembea. Ikaniuliza kama niko ndani ya gari. Nikabonyeza hapana. Ikauliza kama ni baiskeli. Hapana! Ikanyamaza kabisa. Kuanzia leo jina lake ni Mkaguzi.

Nimekwenda kumwuliza fundi simu nitampataje Bibi Hongera humu. Akasema simu hizi mpya hazina mambo ya kupigiana kelele. Akasema watu wa kisasa wanaridhika na duara. Labda wao hawanywi chai.

Mke wangu aliuliza jioni kama Bibi Hongera kaongea. Nikasema simu bado inajifunza nyumba. Akasema sawa, tuipe muda. Akafunika kopo.

Ijumaa, 8 Mei

Mpango!

Kama sauti haimo ndani ya simu, nitaiingiza. Chumba cha pili kuna msusi, mama mwenye sauti nzito nzuri, akikusalimia unajiona umeshinda kitu. Nikamwomba anirekodie maneno matano tu. Akakubali kwa masharti nimtengenezee zipu ya mkoba wake. Alikuwa na kichwa cha mteja mikononi lakini akasema hiyo haimzuii, mdomo hausuki nywele. Tarumbeta nimeipiga mwenyewe kwa mdomo.

Nikaipanga ilie saa kumi na mbili na robo. Nikakaa sebuleni na gazeti, nimetulia, uso wa mtu aliyetembea. Ikalia! Tarumbeta. "Hongera! Umetimiza hatua elfu nane!" Mke wangu akatoka jikoni na kijiko mkononi. Ushindi! Halafu sauti ikaendelea, maana sikujua pa kukatia: "Haya inua kichwa dada, nisije nikakuchoma sikio. Na fundi, zipu yangu usiisahau."

Mke wangu akashusha kijiko. Akasema Bibi Hongera siku hizi anasuka nywele? Akarudi jikoni na kijiko chake. Nilisikia anacheka, anajaribu kuziba mdomo kwa khanga. Zipu nimeitengeneza hata hivyo, mimi si mtu wa kuvunja ahadi.

Jumamosi, 9 Mei

Jambo la kusikitisha. Nadhani mke wangu ameanza kuzeeka kichwa.

Asubuhi kanituma chumvi. Nimerudi, kakumbuka kiberiti. Nimerudi, kakumbuka sabuni. Nimerudi na sabuni, anasema alitaka ile ya duka la pili, kule karibu na kinu cha kusaga, hii inamwasha mikono. Miaka ishirini na sita ya ndoa sijawahi kumsikia akiwashwa! Nikatafuta baiskeli yangu. Kumbe kamwazima dada yake. Nikauliza mpaka lini. Akasema kasahau kuuliza.

Sikumkaripia. Mtu akianza kusahau, kumkaripia ni kumwongezea. Nimekwenda kinuni kwa miguu na kurudi. Majoho yamebaki mezani, sijagusa hata moja.

Mkaguzi nilimwacha nyumbani akichaji. Hastahili kutembezwa.

Jumapili, 10 Mei

Nimefikiri usiku kucha nikaamka na hesabu. Mkaguzi anahesabu hatua, hapimi urefu. Kwa hiyo! Hatua zikiwa fupi, zitakuwa nyingi. Kwa nini mtu apoteze hatua moja ndefu mahali ambapo hatua tano fupi zinaenea?

Nikatoka na simu mfukoni. Nimetembea mtaa mzima kwa hatua za urefu wa sanduku la kiberiti. Ni kazi ngumu kuliko inavyoonekana, magoti yanagongana. Ilinichukua dakika arobaini kutoka mlangoni kwangu hadi duka la pembeni. Watu walikuwa wanasimama. Mzee mmoja aliniuliza kama nimefanyiwa upasuaji.

Ubaya ni kwamba kwenye kibaraza cha pili alikuwa Fundi Mota. Huyu ni jirani yangu wa ng'ambo ya barabara, naye anashona. Cherehani yake ameifunga mota ya umeme, anagusa kwa kidole gumba cha mguu inakwenda yenyewe, na tangu hapo anajiona mhandisi. Akaniangalia ninavyokwenda. Akawaambia wateja wake kwa sauti kwamba suruali ikikatwa vibaya kwenye mapaja ndiyo matokeo yake hayo, na kwamba bahati nzuri yeye hukata kwa nafasi. Suruali nimeishona mwenyewe! Haina tatizo lolote! Lakini nisingeweza kumwambia natembea hivi kwa hiari yangu.

Mama mmoja aliyekuwa ameleta suruali mbili za mumewe kwangu amekuja jioni kuzichukua. Kasema hana haraka, atazishonesha siku nyingine, mahali pengine.

Hatua 2,310. Chai haikuwa na sukari. Nyonga zinauma.

Jumatatu, 11 Mei

Mpango bora kuliko yote. Sijui kwa nini sikuanza nao.

Nani anatembea kutwa bila kulipwa na Bibi Hongera? Msoma mita wa maji! Nyumba hadi nyumba, uchochoro hadi uchochoro, na daftari lake. Leo ilikuwa zamu ya upande wetu. Nikamkamata asubuhi kabla hajaanza, nikamwomba abebe simu yangu mfuko wa shati, arudishe saa kumi. Kwa malipo nimembania suruali ya kazi iliyokuwa inamdondoka. Akasema watu wanamwomba mambo ya ajabu zaidi ya hilo.

Nikakaa kushona kwa raha. Nikamaliza joho la tisa. Mara moja moja nikamfikiria Mkaguzi anavyohenyeka na jua, nikacheka peke yangu.

Saa saba mchana mke wangu akawa ananitafuta kwa simu, alitaka nimnunulie vitunguu. Yuko uani. Msoma mita naye yuko uani, ameinama kwenye mita yetu. Mimi niko dirishani kwa ndani, naona kila kitu, sina la kufanya. Mke wangu akabonyeza. Kifua cha msoma mita kikaanza kulia. Akatazama simu, kaona picha ya mke wangu, kamtazama mke wangu. Akapokea! Amesimama hatua tatu kutoka kwake akasema halo, mama, fundi hayupo, mimi ninamtembelea tu hatua zake.

Mke wangu hakunijia juu. Bora angenijia juu. Alimwomba msoma mita amwonyeshe lile duara. Elfu nane na mia sita, saa saba mchana! Akamkaribisha kwenye kigoda, akamletea chai. Akafungua kopo mbele ya dirisha langu. Vijiko viwili. Akasema mkataba ni mkataba, aliyetembea ndiye anayekoroga. Msoma mita kanywa chai yote, kaomba na maji ya kushushia.

Mkaguzi nimemfungia kwenye droo ya vifungo. Simbebi tena.

Jumatano, 13 Mei

Jana na leo nimetumwa mara tisa. Tisa! Jana limau, moja. Moja! Halafu ya pili, kwa kuwa ile ilikuwa kavu. Leo kanituma kwa dada yake kuulizia baiskeli, dada yake anakaa ng'ambo ya daraja, nafika kule ananiambia baiskeli yuko nayo mumewe na mumewe yuko kazini. Nimerudi kwa miguu. Mke wangu kasema loo, alisahau kwamba shemeji hufanya kazi Jumatano. Mikono kiunoni, macho makavu, hana habari. Inanisikitisha sana.

Lakini njiani nimepata wazo lililo sahihi. Kwa nini nahangaika na Mkaguzi? Bibi Hongera hajafa! Yuko ndani ya simu yangu ya zamani, na ile simu iko mahali fulani hapa hapa mjini.

Nikaenda kwa fundi simu. Ameshaiuza. Kwa binamu yake, anauza chaja kule stendi. Nikaenda stendi. Binamu kahamia lango la nyuma. Nikazunguka. Binamu anaikumbuka, yenye ufa, ndiyo, kamuuzia fundi mmoja wa nguo, jina hakumbuki, ana shati la mistari. Nimezunguka mafundi nguo wote wa sokoni, chumba hadi chumba, juu na chini, nikitazama mashati. Wengine walidhani nimekuja kuiba mitindo. Wa mwisho alinifukuza na rula.

Nimerudi jua linazama. Nilikuwa nimechoka vizuri, ule uchovu wa zamani wa ujana, nikala nikalala kabla ya saa tatu. Hata chai sikuikumbuka.

Alhamisi, 14 Mei

Leo sina mpango.

Nimeamka mguu wa kushoto una ganzi. Si mara ya kwanza. Ilianza Februari, nikajiambia ni kukaa vibaya. Nimeusugua ukingoni mwa kitanda, nikaugongagonga sakafuni, kidole kidogo hakikusikia chochote. Nikageuka, mke wangu amesimama mlangoni. Sijui alikuwa pale muda gani.

Baba yake alikuwa na sukari. Alikuwa mtu wa utani, mcheshi, anajificha na kipande cha keki nyuma ya mlango na wote tunacheka. Alikwenda hospitali na miguu miwili akarudi na mmoja. Mke wangu ndiye aliyekuwa anamwogesha. Hatuzungumzi hayo.

Niliogopa. Naliandika kwa kuwa hakuna anayesoma humu. Mtu anayeshona kwa miguu, akikosa mguu, amebaki na nini?

Mke wangu alikaa kando yangu akachukua ule mguu, akauweka mapajani, akaukanda kidole kimoja kimoja. Halafu akanyanyuka akasema kumbe nyumbani hakuna uzi mweupe wa kutosha majoho, na ule mzuri uko duka la kule juu mlimani, nyuma ya shule. Nikamwambia nina mabunda manne. Akasema hayatoshi, yeye ameona.

Nimekwenda. Ni mbali ule mlima. Ganzi imeisha kwenye kona ya pili, hata sikujua imeisha saa ngapi. Mabunda sasa ni matano.

Jumamosi, 16 Mei

NIMEMPATA!

Nilikuwa natoka kutumwa pilipili. Nikapita kwa Fundi Mota bila kumtazama, kama kawaida yangu. Jicho likaniponyoka. Shati la mistari! Na mezani kwake, juu ya kitambaa cha suti, kuna simu yenye ufa kutoka pembe hadi pembe.

Nikaingia kama mteja. Nikasifu mota yake, Mungu anisamehe. Akaanza kulalamika mwenyewe. Kasema binamu wa stendi kamuuzia takataka. Eti aliambiwa simu hii kwa mwenyewe wa kwanza ilikuwa inafika elfu ishirini kwa siku na kupiga tarumbeta, naye yuko nayo siku sita, anakaa nayo mfukoni kutwa akishona, haijawahi kuvuka mia tisa. Haijamwambia hongera hata mara moja. Anadhani imekufa ndani.

Moyoni nilimhurumia. Mia tisa! Mtu anagusa kwa kidole gumba, halafu anategemea pongezi. Uvivu hauna dawa.

Nikamwambia ni kweli imekufa, ila mimi ninaitaka kwa ukumbusho tu. Akanitazama. Fundi Mota si mjinga, ana meno ya panya na akili za panya. Akasema ataitoa kwa mkasi wangu. Ule mkubwa, mweusi, niliorithi kwa mwalimu wangu wa ushoni, unaokata kitambaa tabaka nane bila kutafuna. Miaka mitano anautolea macho.

Nilikwenda nje nikasimama. Nikarudi. Nikatoka tena. Mwalimu wangu alinikabidhi mkasi ule kwa mikono miwili. Lakini mwalimu wangu alikuwa anakunywa chai na vijiko vitatu, naamini angenielewa.

Nimetoa mkasi. Nimechukua simu. Majoho manne yaliyobaki nimeyakata kwa mkasi wa jikoni, ule wa mapezi ya samaki. Mapindo yamekuja na mawimbi. Waimbaji wanne wa mwisho watasimama nyuma.

Jumapili, 17 Mei

Saa kumi na dakika ishirini, nikiwa naunga joho la ishirini na tatu, mfuko wa kulia: tarumbeta! "Hongera! Umetimiza hatua elfu nane!"

Nilisimama nikapiga makofi. Msusi alitoka chumbani kwake akapiga makofi pia, akidhani ni rekodi yake. Bibi Hongera hajabadilika hata kidogo. Hakuniuliza nilikuwa wapi, hakuniuliza kama nimekaa.

Ila mfululizo umeanza upya. Siku ya kwanza. Mia mbili na kumi na moja zimepotea. Nimeumia, nakiri.

Mke wangu alitokeza mlangoni. Uso wake ulinywea kabisa, ghafla, nikajua ni furaha imemzidi. Akauliza simu ile nimeitoa wapi. Nikasema nimeikuta. Akauliza na mkasi uko wapi. Nikasema unanolewa. Akafungua kopo, akatia viwili. Mkataba ni mkataba.

Lakini chai haikukolea. Nikatazama, kijiko chenyewe ni kidogo, kama cha kumlishia mtoto mchanga dawa. Nikauliza vijiko vyetu viko wapi. Kasema vyote vimepotea, hajui amevisahau wapi. Vijiko kumi na viwili! Hali yake inazidi kuwa mbaya. Kesho kliniki nitamwambia nesi ampime na yeye.

Jumatatu, 18 Mei

Kliniki. Nimevaa shati la harusi.

Februari kipimo kilisoma kumi na moja nukta mbili. Nesi alikuwa haelewi, mtu anatembea elfu ishirini kwa siku na sukari haishuki. Mimi nilimshauri kwa upole apeleke mashine yake ikatengenezwe. Leo kanichoma kidole, kasubiri, kaangalia, kachoma kidole kingine. Nane nukta moja! Akaniangalia miguu, akapima na presha. Nayo imeshuka. Kanipima uzito, kilo tatu sinazo.

Akauliza nimefanya nini wiki hizi mbili. Nikamwambia wazi. Nikasema nilipotelewa na simu yangu siku kumi, nikahangaika sana, chai bila sukari, roho juu, sikushona, natumwa huku na huku kama sina kazi, maisha hayakuwa maisha. Kisha Jumamosi simu ikarudi, na siku mbili tu baadaye damu imetulia. Nikaitoa mfukoni nikamwonyesha.

Nesi alimtazama mke wangu. Mke wangu alikuwa anatazama dari. Nesi akasema basi, chochote kile kilichokuwa kinafanyika kabla ya simu kurudi, kiendelee vile vile, asibadilishe mtu chochote. Alisema hivyo akimtazama mke wangu, si mimi. Nikadhani ni heshima.

Nikamwomba ampime mke wangu kichwa, nikamweleza habari ya limau, sabuni na vijiko. Nesi akapatwa na kikohozi, akatoka nje. Aliporudi akasema kusahau kwa namna ile hakuna madhara, cha msingi mimi nimvumilie na kila akisahau niende.

Nje mke wangu akanishika mkono. Alikuwa na machozi, akisema ni vumbi. Akasema amesahau pochi nyumbani, hatuna nauli, turudi kwa miguu. Unaona? Njia nzima hakuuachia mkono wangu. Tulipita darajani, tukapita sokoni, alikuwa ananisimulia habari za baba yake, zile za kuchekesha. Sijui kwa nini leo.

Jumanne, 19 Mei

Majoho yamechukuliwa. Mwalimu wa kwaya ameyapenda, kasema yale manne yenye mawimbi ni ubunifu. Fundi Mota amepita mara tatu mbele ya mlango wangu akikata hewa na mkasi. Nimejifanya sioni.

Nimekaa na hesabu mpya. Bibi Hongera kashusha sukari kwa siku mbili tu. Je, wakiwa wawili? Fundi simu anasema anaweza kunitafutia nyingine ya aina ile ile. Moja mfuko wa kulia, moja wa kushoto. Elfu kumi na sita! Vijiko vinne, hata kama ni vidogo. Sijui nesi atatumia mashine gani kunipima.

Nilikuwa naandika hayo mke wangu kaingia. Anasema amekosa pini. Nikamwambia sanduku la pini hili hapa. Kasema anataka zile zenye vichwa vya rangi, zinauzwa soko la mbali, lile la ng'ambo ya kinu. Na baiskeli bado haijarudi. Saa nzima kwenda, saa nzima kurudi. Nilitaka kukataa, nikakumbuka maneno ya nesi. Masikini. Nimevaa viatu.

Simu naiacha mezani. Nimemwomba msusi aingie aishike mfukoni akanyage cherehani kidogo, nisipoteze siku ya tatu. Kwenda sokoni sina haja nayo. Kule ninatumwa tu, si kutembea.